Barua ya Kufunga Njia Yetu

Kwa miaka sita kazi yangu ilikuwa kuwashawishi watu waje kuishi tulikokuwa tukiishi sisi. Nilikuwa karani katika ofisi ya kuuza na kukodisha nyumba pale Diani, juu ya duka la dawa. Tajiri wangu alijua kupiga picha. Mimi nilijua maneno. Yeye angeandika: vyumba vitatu, maji ya kisima, maegesho ya magari mawili. Mimi ningeongeza kwamba asubuhi upepo wa kusi huingia kwa dirisha la jikoni ukatokea sebuleni, na kwamba jirani ana mkwaju usioisha ndege. Wateja walipiga simu wakiulizia mkwaju.

Sikuwa nikisema uongo, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Kila nilichokiandika nilikuwa ninakijua, kwa sababu kilikuwa kwetu.

Kwetu kulikuwa upande wa juu wa barabara ya lami, ule usioona bahari. Baba alikuwa fundi wa kuezeka makuti. Mapaa mengi ya hoteli ambayo wageni huyapiga picha yalipita mikononi mwake, mpaka siku moja, nikiwa bado shuleni, boriti ilipomponyoka mguuni akaanguka toka juu ya ukumbi wa kulia chakula. Goti la kulia lilivunjika vibaya. Alilazwa Msambweni muda mrefu, na aliporuhusiwa, mtu wa mazoezi ya viungo alimwambia neno moja tu la maana: kila siku ya Mungu aende baharini, aingie maji yafike kiunoni, atembee. Goti likiachwa, litaganda.

Basi baba akaenda. Kulikuwa na njia. Ilianza nyuma ya jiko letu, ikapita kwenye pori la mikoche na mikwaju, ikakata lami, ikateremka kati ya kuta mbili za hoteli hadi mchangani. Kwa mzima ni robo saa, kwa baba na mkongojo wake nusu saa. Hakuna aliyeilima njia ile. Ililimwa na miguu. Wanawake waliipita wakienda kuuza, wafanyakazi wa hoteli waliipita wakienda zamu, na wote walimkuta mama kando yake na kapu la mahamri na sufuria ya mbaazi. Baba alitoka baada ya swala ya alfajiri, akarudi jua likiwa limechomoza, kaptura imelowa, kikoi begani, akiwa amesalimiana na nusu ya kijiji. Ilikuwa hivyo kwa zaidi ya miaka kumi.

Lile pori lilikuwa na mwenyewe, ila hatukuwahi kumwona. Siku moja likafyekwa. Zikajengwa nyumba kumi na moja nyeupe, ukuta ukazunguka, lango kubwa likaelekea kwenye lami. Upande wetu, mafundi waliacha uwazi wa kupita mtu mmoja mmoja, kwa kuwa wao wenyewe waliutumia kuja kunywa chai kwa mama. Ofisi yetu ikapewa kazi ya kuziuza nyumba hizo. Nilifurahi. Nilidhani tumepata majirani.

Wa kwanza kununua walikuwa mke na mume waliostaafu, watu wa bara, kutoka nchi ya baridi na majani ya chai. Mke alikuwa mwalimu mkuu, na kwangu amebaki kuwa mwalimu mpaka leo. Alikuwa amezunguka pwani yote kutoka Tiwi hadi Jego, na alikuwa amechoka kuonyeshwa majiko. Tulipofika sebuleni alinikatiza.

"Achana na hayo mambo ya tailizi za sakafu. Wewe ukiwa mimi, ungeishi hapa?"

"Mwalimu, mimi ninaishi hapa. Mabati yale yanayoonekana pale ndiyo kwetu."

"Na unapapenda?"

"Ninapapenda sana."

"Kwa nini?"

Nikamweleza. Nilimweleza njia, na salamu za njiani. Nikamweleza kwamba mtu asipoonekana siku mbili watu huenda kumpigia hodi. Nikamweleza habari za baba na goti lake. Sikutayarisha maneno hayo, yalikuja yenyewe. Mwalimu akaniambia nimpeleke aione njia.

Tukatokea kwenye ule uwazi. Kama nilivyotaraji kwa saa ile, baba alikuwa anarudi kutoka majini.

"Karibuni," alisema. "Wageni wetu hao?"

"Wanataka kuwa majirani, baba."

"Basi si wageni tena. Hawajanywa chai?"

Wakakaribishwa uani. Mwalimu alikaa juu ya kibao cha mbuzi ya kukunia nazi kwa sababu viti vilikuwa viwili, akala mahamri na mbaazi mpaka akajifuta vidole, huku baba akimweleza mumewe namna ya kumjua fundi mzuri wa makuti na fundi mwizi. Walipoinuka, mwalimu alimwambia mumewe mbele yangu, "Ni hapa. Hapa watu bado ni watu."

Wiki hiyo walitia sahihi. Tajiri wangu alinisifu mbele ya wenzangu. Tangu siku hiyo kila mteja nilimpitisha kwenye njia, na niliupanga wakati ili tukutane na baba. Sasa nikikumbuka nataka kujificha. Nilimwonyesha baba yangu kama wengine wanavyoonyesha upande wa nyumba unaopata upepo.

Lazima niseme kweli: mwaka wa kwanza ulikuwa mwema. Mwalimu alipita uwazini kila baada ya siku mbili kuja kumjulia hali mama. Alipanda sukuma wiki, akatuletea. Mama alipozidiwa na homa, ni mwalimu aliyemtia kwenye gari lake akampeleka Msambweni, na akakaa naye kwenye benchi hadi alasiri. Kiswahili chake kilianza kulainika. Alijifunza kusema "hodi" na kungoja.

Kisha zikaibwa baiskeli mbili na mtungi wa gesi, wiki moja, katika nyumba mbili tofauti. Mwizi hakujulikana, na mpaka leo hajulikani. Wenye nyumba wakaunda kamati. Mwenyekiti hakuwa mzungu wala mtu wa bara. Alikuwa Mdigo kama sisi, mzaliwa wa Msambweni, mtumishi wa serikali aliyestaafu, ambaye Ijumaa huswali safu moja na baba. Huyo ndiye aliyepanda ngazi za ofisi yetu akaketi mbele ya meza yangu.

"Binti, tumeamua kuufunga ule uwazi. Tutatia mlango wa chuma, ufunguo utakaa kwa askari. Sasa kuna barua ya kuwapelekea jamaa wa upande ule. Nikiiandika mimi itatoka kama amri. Wale ni wazee wetu. Wewe una Kiswahili chenye adabu."

"Mzee wangu hupita pale kila siku kwenda kutia mguu maji," nikasema. "Wewe mwenyewe unajua."

"Ninajua. Wazee watafikiriwa. Andika hivyo hivyo: wenye dharura watafikiriwa."

Tajiri wangu alikuwa amesimama mlangoni. Nyumba tatu zilikuwa bado hazijanunuliwa, na sasa kila mteja alikuwa akiulizia usalama. Hakunilazimisha, na wala sitaki kumsingizia. Ningeweza kusema sitaandika. Nilichosema ni, "Mnaitaka lini?"

Nikaifanyia kazi nusu siku nzima. Mwenyekiti alikuwa ameniachia karatasi yenye maneno "ni marufuku". Nikayatoa, nikaweka "tunaomba radhi kwa usumbufu". Nilianza kwa kuwatakia heri wao na jamaa zao. Nikaandika kwamba ujirani wetu ni amana, na kwamba hatua hii ni kwa ajili ya utulivu wa pande zote mbili. Nikaandika kwamba wenye dharura watafikiriwa. Niliposoma mara ya mwisho niliiona nzuri. Ndiyo, niliiona nzuri.

Siku ya pili askari wa lango alizigawa barua hizo nyumba kwa nyumba upande wetu. Nilipotoka kazini nilimkuta baba uani ameishika barua mkononi. Macho yake yalikuwa na ukungu wakati huo, na mama hakusoma.

"Mwanangu, njoo utusomee. Imeletwa na askari."

Nikasoma. Nilisoma sauti moja, kama mtu anayesoma jambo asilolijua.

"Soma tena pale pa dharura," baba akasema.

Nikasoma.

"Mwenye kuandika hii amefunzwa," akasema.

"Amefunzwa na nani?" mama akauliza. "Aliyefunzwa hafungi njia."

Nikaikunja, nikasema ninakwenda kuoga.

Mlango wa chuma ulitiwa asubuhi moja tu, na adhuhuri saruji ilikuwa imekwisha kushika. Baba alijaribu kuzunguka. Kuta za viwanja vingine zilikuwa zimeungana na ukuta ule, kwa hivyo alilazimika kwenda mpaka karibu na msikiti wa juu, akateremkia lami, kisha akarudi nyuma kwa kandokando ya magari. Kwa mguu wake ilikuwa zaidi ya saa nzima, kwenda tu. Alifanya hivyo wiki mbili. Kisha ikawa siku tatu kwa wiki. Pikipiki hakuweza kuipanda kwa sababu goti lilikataa kukunjika. Tulimtafutia tuktuk, ilikuja siku nne, ya tano ikakwama mchangani, na baba akasema bahari ya kupelekwa kama maiti haimfai.

Nilikwenda kwa mwenyekiti kuulizia kufikiriwa. Alinipokea vizuri. Akataka barua ya hospitali. Tukaenda Msambweni, tukaileta. Akasema kamati itakaa. Kamati haikukaa, kisha yeye akasafiri, kisha ikawa Ramadhani, kisha nikaona haya kuuliza. Zile nyumba tatu zilikuwa zimekwisha kununuliwa.

Miezi ikapita hivyo. Siku moja askari aliufungua ule mlango wa chuma na kuja kumwita baba. Banda la makuti la mwalimu lilikuwa likivuja, mafundi wawili walikuwa wamelishindwa, na mwalimu alimkumbuka. Baba alivaa shati lake la Idi. Mimi nilikuwa kazini. Haya ya mwanzo niliyasikia kwa askari. Baba aliingia kwa mkongojo, akatazama juu kwa muda, akaonyesha mahali palipopishana vibaya, akaeleza la kufanya. Mwalimu alimwomba angoje amkatie maembe. Alipoingia ndani, baba aliinuka, akatembea taratibu hadi lango kubwa, akamwamkia askari wa zamu, akatoka, akavuka lami, akaenda baharini.

Hakuna aliyemzuia kutoka. Aliporudi ndipo alipozuiwa.

Askari alinipigia simu kwa sauti ya kunong'ona. "Dada, njoo. Mzee wako yuko langoni na mwenyekiti amekuja."

Nikachukua pikipiki. Nilimkuta baba amesimama nje ya lango, suruali imelowa mpaka kiunoni, maji yanamchuruzika na kutengeneza weusi kwenye zile tofali za njiani. Mwenyekiti alikuwa ndani, mwalimu nyuma yake na sahani ya maembe.

"Shikamoo, mzee," mwenyekiti alikuwa akisema.

"Marahaba. Nifungulieni nipite, nyumba yangu ni hapo nyuma."

"Mzee, hatukukatazi kwa ubaya. Ni utaratibu. Ulikuja kwa kazi, kazi imekwisha."

"Si aachwe tu apite kwa leo?" mwalimu akasema.

"Mwalimu, tulipiga kura. Tukianza na mmoja, kesho watakuja ishirini."

Mwalimu akatazama sahani yake.

Nikamwambia mwenyekiti, "Tafadhali, mzee. Barua ya hospitali tulikuletea."

Hapo mwenyekiti aliniona. Uso wake ukapata nafuu, kama mtu aliyeletewa shahidi. "Huyu hapa! Mzee, barua si mliipata? Binti yako mwenyewe ndiye aliyetuandikia. Kila kitu kimo mle. Muulize."

Baba akageuka. Hakugeuka upesi, kwa sababu ya mguu.

"Wewe?"

"Ndiyo, baba."

Alinitazama, na kwa ukungu ule wa macho sijui aliona nini. Kisha akamwambia mwenyekiti, kwa upole kabisa, "Basi haina neno. Nitazunguka."

Nilimwambia niite tuktuk, akatikisa kichwa. Nilimshika mkono, akautoa, si kwa hasira, kama mtu anayetoa jani lililomwangukia. Akaanza kwenda. Nikamfuata nyuma na viatu vyangu vya ofisini, magari yakitupita, watu wakimsalimia yeye na kunitazama mimi. Alipumzika mara mbili. Mara ya pili mwenye duka alimtolea kreti ya soda akaikalia, na hapo ndipo aliposema neno pekee alilowahi kuniambia juu ya jambo lile.

"Pale pa wenye dharura. Ulijua kwamba hawatafikiri?"

"Nilidhani watafikiri, baba."

"Ulidhani," akasema. Akainuka.

Haukupita muda akasema anataka kuhamia Kikoneni, kwa mjomba, kaka yake mama, ambaye alikuwa na shamba la minazi na mihogo. Mama alimkumbusha kwamba Kikoneni hakuna bahari. "Ndiyo maana," akajibu. "Nisipoiona sitaitaka." Walihama wakati wa kiangazi. Mimi nilikodi chumba Ukunda, nikaendelea kwenda ofisini, kwa sababu sikuwa na kazi nyingine na kwa sababu mtu huzoea. Goti la baba liliganda kama alivyoambiwa. Akawa mtu wa kiti. Nikienda kumwona alinipokea kwa wema, akauliza kazi, akauliza afya, na mazungumzo yakaisha hapo, sisi ambao zamani tulikuwa hatumalizani.

Alifariki baada ya masika ya pili. Si kwa goti. Ni presha, ndivyo tulivyoambiwa, na sina sababu ya kubisha. Mwenyekiti alikuja mazikoni. Alishika jeneza begani kutoka uani hadi makaburini, na nisiache kumpa haki yake, alikuwa na sauti nzuri ya kusoma Yasini. Alinipa mkono wa pole akasema tumepoteza mzee wa hekima.

Mwalimu na mumewe walikuja pia, na sukari na mchele. Alikuwa amejifunga leso kichwani kwa heshima, na macho yake yalikuwa mekundu kwa kweli. Alinivuta pembeni ya jiko.

"Niliinua mkono," akasema. "Siku ile ya kura. Niliinua kama wengine. Nilifikiri ni mlango tu."

Nilitaka kumchukia. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu zamani. Lakini nilipomtazama nikaona kwamba katika wote waliokuwako, yeye peke yake ndiye aliyekuja kukiri, na mimi niliyezaliwa pale sikuwa nimekiri kwa mtu yeyote mpaka nilipotajwa langoni.

"Hata mimi nilifikiri ni barua tu," nikamwambia.

Baada ya arobaini niliacha kazi. Sasa niko Msambweni, katika kibanda cha kuchapa na kutoa nakala, karibu na stendi. Watu huleta barua zao nizichape: maombi ya kazi, mashitaka ya mipaka, mialiko ya harusi. Wengine huniomba niwanyooshee maneno kidogo. Ninakataa. Ninachapa nilichopewa, hata kama hakina adabu.

Mama alibaki Kikoneni. Hajawahi kunilaumu. Hupika nikienda, hunifungia mihogo nikirudi. Mwezi uliopita alikuwa amepewa karatasi zahanati, habari za dawa zake za sukari, na nilipoiona imechungulia chini ya sahani nikasema, "Lete, mama, nikusomee."

"Nimekwisha kusomewa," akasema. "Na mwalimu wa madrasa."

Madrasa iko ng'ambo ya mto, na mama miguu yake si mizuri tena. Akaichukua ile karatasi, akaikunja mara nne, akaitia kwenye pindo la leso yake, akaniuliza kama nitakula sasa au nitangoja wali uive vizuri.